Kona ya Kichuguu

Nilisikia jina lake kijiko kikiwa njiani kwenda mdomoni. Nilikuwa Kindu kwa siku chache tu, nikingoja boti ya kuteremka kwenda Ubundu, nimekaa kwenye benchi la mama mmoja anayeuza wali na maharagwe karibu na bandari. Redio yake ilikuwa inasoma vifo, kama redio za miji hii zinavyofanya kila mchana, kati ya tangazo la dawa ya minyoo na wimbo wa kwaya. Familia ilisikitika kuwatangazia ndugu, jamaa na marafiki kwamba mama Feza, mpiga taipu wa zamani wa bandari, hayupo tena. Kilio kiko nyumbani kwake, mtaa wa Mikelenge. Wanawake wenye jina Feza ni wengi Maniema, lakini mpiga taipu wa bandari alikuwa mmoja. Nilimaliza wali wangu, kwa kuwa maisha ya njiani yamenifundisha kutoacha kitu kwenye sahani, kisha nikaenda kwenye kilio.

Walikuwa wamefunga turubai la bluu mbele ya nyumba na kupanga viti vya plastiki. Picha yake ilikuwa juu ya meza yenye kitambaa cheupe: mwanamke mzee, miwani mizito, hacheki. Mpwa wake alisimama akasoma maisha ya marehemu. Alizaliwa, alisoma kwa masista, alipiga taipu katika ofisi ya bandari tangu usichana hadi macho yalipokataa, aliimba kwaya, hakuolewa, alilea watoto wa ndugu zake. Ilikuwa karatasi moja na nusu. Nilidhani neno nililolingoja lingekuja mahali fulani kati ya masista na kwaya, lakini halikuja, na mpwa akaikunja karatasi. Mchungaji akauliza kama kuna mwenye la kuongeza. Nilitazama viatu vyangu. Kuuliza nimeweza maisha yangu yote. Kusema neno pale linapongojwa ndiko kulikonishinda, na hii ilikuwa mara ya pili kunishinda kwa ajili ya mwanamke yuleyule. Kwa hiyo naandika hapa kile ambacho karatasi ile haikuwa nacho: kwamba kwa mwaka mmoja, wakati nchi ikiitwa Zaire na sisi sote tukiitwa citoyen badala ya bwana, Feza alicheza tenisi vizuri kuliko mtu yeyote kati ya Kailo na Kampene, na kwamba nilikuwepo siku aliyopaswa kuondoka.

Nilifika Kindu mwaka ule juu ya lori la chumvi, nikitoka Kampene ambako nilikuwa nimechimba kidogo, nimebeba mizigo kidogo, na nimechoka kabisa. Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu. Shule niliiacha mapema, siku mwalimu aliponiambia kuwa swali langu halimo katika somo, na tangu hapo nilikuwa nazunguka nikitafuta somo ambalo swali lile limo. Lori lile lilikuwa la Kambale, mfanyabiashara wa Butembo mwenye duka la chumvi, sabuni na vitenge. Alinitazama nikishusha magunia, akaniuliza kama najua jembe. Nikasema najua. Nilidhani ananipeleka shambani. Alinipeleka kwenye uwanja wa tenisi.

Wazungu wa reli ndio waliokuwa wameujenga, na walipoondoka uwanja ukabaki kama vinavyobaki viti baada ya wageni kuondoka, kila mtu akiwa hana hakika kama anaruhusiwa kukaa. Kulikuwa na nyumba ya mbao yenye baraza, kabati la vinywaji lisilo na vinywaji, na ubao mrefu wa majina ya mabingwa. Wakati wa kubadilisha majina ya kila kitu, mtu wa chama alipitisha rangi ya kijani juu ya ubao ule ili uandikwe upya, lakini hapakuandikwa kitu, na msimu wa unyevu majina ya zamani yalianza kuonekana tena chini ya rangi, hafifu, kama mishipa. Nilipewa stoo nyuma ya baraza. Ilikuwa na harufu ya chokaa na panya. Ukuta wake wa mbao ulikuwa na nyufa, na kwa nyufa hizo nilisikia mazungumzo yote ya baraza kwa mwaka mzima: nani amehamishwa, nani amekamatwa, treni imekwama wapi, na kwa nini mshahara wa mwezi wa tatu hakuna aliyeuona. Walisema yote hayo kwa sauti ya chini. Neno walilopaza sauti kulisema lilikuwa moja tu, neno la uwanjani, pale mtu alipopiga mpira ukavuka mstari: nje.

Bwana wa udongo alikuwa papa Asumani. Alikuwa ametunza uwanja huo tangu enzi za Wazungu na hakuwahi kushika raketi hata siku moja. Aliwajua wachezaji kwa nyayo. Alfajiri alipita kwenye udongo wa jana na kuniambia nani aliburuta mguu, nani aliogopa, nani alikuwa amelewa. Uwanja wenyewe ulikuwa wa udongo wa kichuguu. Hakuna udongo mwingine Maniema unaokubali kukanyagwa hivyo bila kupasuka. Tulibomoa vichuguu porini, tukaponda, tukachekecha, tukamwagia maji ya mtoni, tukaviringisha pipa lililojaa saruji juu yake hadi ukawa mgumu na laini kama sakafu ya msikiti. Na kila mara kabla ya kuponda, papa Asumani alichimba chini ya kichuguu mpaka amwone malkia wa mchwa, mnene kama kidole gumba cha mtu mzima, mweupe, asiyejiweza. Alimpeleka kwa kuku wake. Nilimuuliza, kama nilivyouliza kila kitu, kwa nini anajisumbua, maana udongo ni udongo.

“Udongo hii iko na mwenyewe,” alisema. “Ukimutoa mama yao, inakuwa yako. Ukimuacha, weye uko mupangaji tu.”

Feza alikuja kila siku saa tisa na nusu, akitoka ofisini na wino kwenye vidole. Wakati ule mwanamke kuvaa suruali lilikuwa kosa la kupelekwa mbele ya chama, na kaptura ndiyo isingezungumzwa kabisa. Alijishonea sketi ya magotini kwa mfuko wa unga wa ngano, na maandishi ya kiwanda yalibaki upande wa nyuma hata alipoyafua mara nyingi. Watu wa baraza walimtania kwamba anauzwa kwa kilo. Alicheka nao. Kisha aliingia uwanjani na kicheko kikaisha. Raketi yake ilikuwa ya mbao, ya Mzungu fulani, na nyuzi zake zilipokatika nilizibadilisha kwa nailoni ya wavuvi wa Lualaba. Nilijifunza kazi hiyo kwa kuharibu mara nne. Mipira ilikuwa imepata upara. Tuliifua, tukaianika juu ya tanuri la mkate ili ipate joto na kuruka. Kwa kuwa hapakuwa na mwanamke mwingine wa kucheza naye, na wanaume hawakupenda kushindwa kila siku, nilijifunza mimi ili awe na wa kumrudishia mpira. Sikuwa mzuri. Nilikuwa ukuta wenye maswali, na ndiyo maana aliniita Maulizo.

Siku moja nilimuuliza tenisi inampa nini. Tulikuwa tumekaa kwenye ngazi za baraza tukila ndizi za kuchoma alizoleta kwenye karatasi ya taipu iliyoharibika. Alitafuna, akafuta vidole.

“Ku bandari napiga barua, mukubwa anasema iko sawa, kesho anaipasua,” alisema. “Ananiambia Feza utapanda cheo, kesho anacheka. Kila muntu anasema neno na hakuna neno. Hapa mupira ikiwa nje iko nje, ikiwa ndani iko ndani. Hata Komiseri akikuja. Hapa njo fasi moja tu mi nasikia neno na ninaamini.”

Kambale naye nilimuuliza. Alikuwa mtu mkubwa mwenye mkono wa kushoto wenye nguvu, Mprotestanti asiyekunywa, mchezaji wa pili baada ya Feza, na ndiye aliyetuletea mipira kutoka Goma, imefichwa ndani ya viatu vya kuuza. Alisema Kindu yote inamwita mtu wa Butembo, mtu wa kuja, mwaka wa kumi na mmoja huu. Akapiga mpira ukutani mara mbili. “Lakini hii ikivuka wavu, inaulizaka kabila?” Wengine walikuja ili waonekane na waliokuja. Papa Asumani alikuja kwa sababu ya udongo. Mimi nilikuja kwa sababu ya kitanda cha stoo, nikabaki kwa sababu kila mmoja alikuwa na jibu tofauti.

Sasa nieleze kona. Upande wa kaskazini, kushoto, kichuguu kilikuwa kimeota kutoka nje ya ua hadi ndani, miaka ile uwanja ulipofungwa. Kilikuwa kimemeza kona ya mstari wa nyuma, ukubwa wa meza ya kulia. Hakuna aliyekiondoa. Badala yake kilabu kilitunga sheria yake: mpira ukigonga kichuguu, yeyote aliye karibu anainua mkono na kusema “kichuguu”, na pointi inarudiwa. Hapakuwa na ubishi. Mtu alisema neno hilo bila kufikiri, kama anavyosema hodi. Feza alichukia kona ile kimyakimya, kwa sababu pigo lake zuri kuliko yote, pigo refu la kupita pembezoni mwa mstari, lilikufa pale kila mara. Alipiga, mpira ukagonga kichuguu, mtu akainua mkono, na yeye akageuka kurudi kuanza upya. Kwa miaka sita, tangu ajifunze, aligeuka hivyo.

Mwezi wa saba, wakati wa kiangazi, ilikuja habari kwamba mjumbe wa michezo kutoka Kinshasa atapita mikoani kutafuta wanawake wa timu ya taifa. Atakaa Kindu mchana mmoja, mwezi wa kumi, na kesho yake ndege itaondoka naye pamoja na atakayechaguliwa. Huko kulikuwa na kazi ya kweli, nyumba ya timu, viatu. Niliisikia habari hiyo kwa nyufa za stoo kabla Feza hajaisikia. Komiseri, mkubwa wa serikali pale mjini, alitoa amri zake: Feza acheze na Kambale, kwa kuwa mwanamke mwingine hayuko, mjumbe amesema akimwona anashinda mwanamume, inatosha. Baraza lipakwe rangi. Akina mama wa chama waje kucheza ngoma ya kumsifu Rais. Na kichuguu kiondoke, maana mgeni wa Kinshasa hawezi kuona kitu kama hicho ndani ya uwanja.

Kazi ya kichuguu nilipewa mimi. Papa Asumani alikuwa anaumwa kifua wiki ile. Alikuja hadi kwenye ua akijifunika blanketi, akanionyesha pa kuanzia, akarudia mara mbili kwamba nisimwage udongo mpya kabla ya kumtoa mama yao. Juu kilivunjika vizuri. Chini kilikuwa kama jiwe. Nilichimba siku mbili, nikafika kiunoni, na mchwa wekundu wakinishika miguuni hawakuniachia hata walipokatika. Siku ya tatu, saa tisa na nusu, Feza alikuja akasimama juu ya shimo na raketi mbili, akauliza kama nitakaa humo hadi ndege ije. Alitaka kupiga. Nilikuwa nimebakiza, nadhani, mkono mmoja wa udongo, labda miwili. Nikatoka, nikanawa, nikacheza naye hadi mwanga wa mwisho ulipotoka juu ya miti ya Alunguli ng’ambo ya mto. Kesho yake nilijaza shimo. Nikaponda, nikaviringisha pipa, nikamwaga maji. Kona ikawa nzuri hata mimi mwenyewe nikasahau palipokuwa kitu.

Papa Asumani alipona akaja kuona. Aliuliza kama nilimpata. Nikasema nilimpata. Akauliza alikuwaje, na hapo mimi, niliyemuuliza kila mtu kila kitu, nilikuwa na majibu tele: nilimweleza chumba chake cha udongo laini, tumbo lenye mistari ya kahawia, jinsi linavyotembea kama pumzi, wadogo wanavyomlamba. Nilisema nilimpa kuku. Alitikisa kichwa, akapita kwenye kona na miguu yake mitupu, polepole, akaenda zake.

Miezi ile mitatu Feza alifungua pigo lake. Mara ya kwanza mpira ulipotua kwenye kona na kuruka vizuri, alisimama akautazama ukibingirika hadi kwenye ua, akaniomba niurudishe, akapiga tena, tena, labda mara arobaini, hapohapo. Alinunua sanduku la bati. Alinisomea vitu atakavyoweka ndani, na nyumbani kwa papa Asumani, ambako tulikula wali na samaki kila Jumapili, mke wake mama Zaina alianza kumwekea kipande cha mgongo, akisema huko Kinshasa watu wanakula mikate tu. Katika wiki za mwisho mvua zilianza. Kila asubuhi nilipofika kwenye kona nilikuta virundo vidogo vya udongo wenye unyevu, chembechembe, kama mtu ametema kahawa. Nilijua ni nini. Nilivunja kwa kisigino, nikapitisha pipa, na asubuhi iliyofuata vilikuwepo tena. Nilijiambia siku ni chache. Hilo ndilo sikulisahau popote nilipokwenda baadaye: kwamba sikuwa mjinga, nilikuwa nahesabu siku.

Mjumbe alikuwa mtu mwembamba mwenye koti la abakosti, vazi la wakubwa wa enzi ile, lililopigwa pasi vizuri, aliyesema Kifaransa na Kilingala na kutazama saa yake. Mji wote ulikuja. Akina mama wa chama walipangwa mistari miwili, wamevaa vitenge vipya vyenye sura ya Rais kifuani na nyuma. Kambale alifungua kopo la mipira mipya, na pumzi ilipotoka ndani yake watu wa baraza walinyamaza wote. Wengine tulikuwa hatujawahi kusikia sauti hiyo. Aliniambia kando kwamba atacheza kwa nguvu zake zote, kwa sababu mjumbe atajua akidanganya, na kwa sababu Feza hatamsamehe. Mimi nilipewa kigoda upande wa kaskazini, kuangalia mstari wa nyuma. Kazi yangu ilikuwa kusema maneno mawili tu, nje au ndani, kwa sauti ya kusikika. Feza mwenyewe ndiye aliyeomba niwe mimi.

Feza alichukua seti ya kwanza. Ya pili ilikatwa na mvua ya mchana, nusu saa, nzito, sote tukajibana barazani na mjumbe akapewa kiti cha katikati. Kisha jua likatoka kwa ghafla, joto, mvuke ukapanda kutoka kwenye udongo. Tulisukuma maji kwa fagio. Walirudi uwanjani, na Feza alicheza kama mtu anayesoma barua aliyokwisha kuiandika. Kambale alijitahidi hadi fulana ikamganda. Ilibaki pointi moja. Mjumbe alikuwa ameacha kutazama saa.

Feza alianzisha mpira kutoka kusini. Kambale aliurudisha kwa mkono wake wa kushoto, wakabadilishana mara nne, tano, Kambale akavutwa upande wa kulia, na Feza akapiga lile pigo. Liliruka pembezoni mwa mstari na kutua kwenye kona, juu ya chokaa. Chokaa iliruka, niliiona. Ilikuwa ndani. Lakini sikuwa nautazama mpira peke yake. Pembeni ya alama yake, hatua moja kutoka kiatu changu, udongo ulikuwa umefunguka tundu la ukubwa wa kifungo, na kichwa kilikuwa kinatoka, na nyuma yake bawa lililolowa. Kambale alisimama mbali, mikono chini, ameshindwa. Kisha, kwa mazoea ya miaka, kwa uaminifu wake wote, alitazama kona ile, akainua mkono, akasema, “Kichuguu.”

Na Feza akageuka kurudi kuanza upya.

Hakuna aliyepinga, wala barazani. Mji wote ulikuwa umezoea. Mtu mmoja tu alikuwa amewekwa pale kusema neno, na lingechukua pumzi moja, na mchezo ungekwisha. Nilifungua mdomo. Tundu la pili likafunguka, la tatu, na nikaona kwamba nikisema ndani wote watatazama pale ninapotazama. Nikafunga mdomo. Feza alikuwa anadundisha mpira mara tatu kama kawaida yake wakati kumbikumbi walipotoka kwa pamoja, kama moshi wa treni, kwa mamia, wakipanda kwenye jua na kuanguka na kupanda. Mtoto wa mtu alipiga kelele ya furaha. Kisha watu waliruka kamba. Ilikuwa mwaka wa njaa kidogo, mboga zilikuwa ghali, na kumbikumbi wa kwanza wa msimu hawaachwi. Walikuja na mabeseni ya baraza, na kofia, na makopo ya rangi. Mistari ya akina mama wa chama ilivunjika. Walikunja vitenge vyao mbele wakafanya mifuko, wakajaza, wadudu wakitembea juu ya uso wa Rais na mabawa yakigandamana kwenye miwani yake. Hapo ndipo mjumbe aliposimama. Alimwambia Komiseri, kwa Kifaransa, kwamba aliletwa kuona tenisi akaonyeshwa soko, na kwamba atasahau alichokiona kwenye vitenge vile kama na wao watasahau kwamba alifika. Kambale alimfuata mjumbe hadi kwenye gari akimweleza pointi moja, pointi moja tu. Mlango ulifungwa. Feza alikuwa bado kwenye mstari wake wa kusini, mpira mkononi, akingoja watu watoke uwanjani.

Jioni ile mama Zaina alikaanga. Kumbikumbi hawahitaji mafuta, wanatoa yao. Aliweka chumvi tu, na ugali wa muhogo, na chumba kikajaa harufu ambayo mwaka mwingine ningeipenda. Komiseri alikuwa ametuma mtu kuchukua funguo kwa papa Asumani, kwa sababu uwanja ulikuwa wa mzee na aibu ikawa ya mzee. Feza alikula kama sisi sote, kidogo kidogo, akitoa mabawa kwa kidole. Alipotoka nje kunawa, papa Asumani alisema bila kuniangalia:

“Kuku walikula mama yao, ulisema.”

“Ndiyo, papa.”

“Kuku gani?”

Nilivuta sahani karibu. Feza akarudi akikausha mikono kwenye sketi ya mfuko wa unga. Alikaa, akatazama sahani.

“Kichuguu haikuwa tena pale,” alisema. “Tuliiondoa, tena mi nilipiga pale miezi mitatu. Kwa nini niligeuka? Kambale alisema na mi nikageuka.” Kisha akaniuliza. “Weye ulikuwa karibu, Maulizo. Ilikuwa ndani?”

“Sikuona,” nikasema.

Ndege iliondoka asubuhi. Tuliisikia ikipita juu ya stoo. Feza alikwenda kazini. Hakurudi uwanjani tena, na wiki ile aliniletea raketi ikiwa kwenye kibanio chake cha mbao, akasema nitaiweka vizuri kuliko yeye. Nami sikuweza kulala karibu na kitu kile. Niliondoka kwa treni ya mizigo kabla ya mwezi kuisha, na Kibombo niliibadilisha raketi ile kwa tairi la baiskeli. Nimepita miji mingi tangu hapo na nimeuliza watu mambo mengi. Nilisikia miaka ya baadaye kwamba papa Asumani alikufa, kwamba Kambale alirudi Butembo. Kila mara nilijiambia nitaandika barua Kindu, kwa mpiga taipu wa bandari, maneno machache. Si kwamba ningemrudishia ndege ile. Lakini kwa maisha yake yote aliamini kwamba aligeuka bure, kwamba alijishinda mwenyewe kwa mazoea ya kijinga, wakati kichuguu kilikuwa pale kweli, na mimi peke yangu nilijua, na mpira ulikuwa ndani.

Baada ya kilio nilikwenda kuangalia uwanja. Nyumba ya mbao haipo. Watu wamejenga upande wa kusini, na katikati kuna muhogo. Nguzo moja ya wavu imebaki, watu wanafungia mbuzi. Kutoka pale nilihesabu hatua kuelekea kaskazini, nikajua nimefika kabla sijamaliza kuhesabu, kwa sababu kichuguu kimesimama mahali pake, kirefu kunizidi. Mwanamke mmoja alikuwa amekifunika shuka upande mmoja na kuchimba kishimo cha kukusanyia kumbikumbi, kazi safi, inaonekana anakuja kila msimu. Alinisalimu, “Jambo papa,” akaniuliza natafuta nini. Nikamuuliza kichuguu hiki kina muda gani.

“Kiko hapa tangu zamani,” alisema. “Hii haiondokake.”

Alikuwa na kumbikumbi wa jana, wamekaangwa tayari, kwenye beseni. Nilinunua kopo moja. Nilisimama pale ulipokuwa mstari, nikawala wote, polepole, nikitoa mabawa kwa kidole. Walikuwa watamu.